Nimempeleka mama Unguja kwa pakeji ya siku moja. Kobe hatukuwaona

Kisamvu cha Nazi
Wakuu, habari za jioni. Kuna watu niliwaahidi kwamba nikirudi Unguja nitasimulia, basi nimerudi. Miguu inawaka moto, mama kalala tangu saa mbili, na mimi hapa nina chai ya mdalasini niliyonunua kwa bei ya kitalii. Nitaandika kwa vipande, msiniharakishe.

Kwanza mumjue mama. Ana miaka 68, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mbamba Bay, ufukweni kabisa mwa Ziwa Nyasa. Kafundisha historia mpaka chaki ikamla vidole: misafara, Kilwa, Bagamoyo, soko la watumwa Unguja. Yote hayo kayafundisha bila kuvuka bahari hata siku moja. Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Nikaona tangazo la kampuni moja hapa Dar (jina lao naliacha): laki moja na sitini na tano kwa kichwa, ndani yake boti kwenda na kurudi, mwongozaji, viingilio, Mji Mkongwe, shamba la viungo, chakula cha mchana, halafu Kisiwa cha Changuu kwenye kobe. Yote siku moja.

Wenyeji wa Unguja naona mmeshaanza kucheka. Mimi sikujua.

Mpiga Debe Mstaafu
Nimetandika mkeka hapa. Endelea mkuu.

Mkunazini Mie
Changuu, viungo na Mji Mkongwe siku moja, na boti ya kurudi jioni? Hao walikuuzieni saa thelathini.

Kisamvu cha Nazi
@Mkunazini Mie ungekuwepo wiki iliyopita ungeniokoa.

Saa kumi na mbili asubuhi tuko bandarini na vitambulisho mkononi. Kundi letu watu kumi na tisa. Wachumba wawili wasioachana mikono, mzee mmoja na mjukuu wake, vijana wanne wa kamera, na wamama tisa wa kikoba cha Mbagala wamevaa sare ya kitenge cha njano. Hao wamama wakumbukeni, watarudi mwisho wa hadithi.

Boti inachukua kama saa mbili hivi. Nusu ya kwanza raha mstarehe. Tulipofika katikati maji yakaanza kutuinua na kutubwaga, mhudumu akapita na mifuko ya kutapikia. Mama akaukataa, akasema yeye kakulia kwenye mitumbwi ya Nyasa, hawezi kutishwa na beseni hili. Dakika ishirini baadaye alikuwa kaomba wa kwake na wa kwangu.

Tunashuka Malindi, bandarini Unguja, mwongozaji anatusubiri na kibao. Kijana wa miaka thelathini na kitu, kofia ya viua, viatu vya wazi. Akatabasamu, akavuta pumzi, akaanza kutukaribisha kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula. Kimya. Mmoja wa wamama wa kikoba akageuka nyuma, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamuuliza: "Mwanangu, hao unaoongea nao wako wapi?"

Dada wa Tabata
Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂😂

Kisamvu cha Nazi
Kijana akacheka hadi akashika magoti. Akasema samahani wazazi wangu, ulimi umezoea. Akahamia Kiswahili, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kazi yake yote kaisomea kwa Kiingereza. Tarehe, vichekesho, mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wahuzunike, vyote vimepangwa kwa lugha ile. Sasa akigeuza anakwama. "Hapa palikuwa na… ile… tuseme mahali pa kufungia." Anasimama, anatafuta neno, wamama wanamsaidia. Mpaka tunafika Darajani alikuwa keshaiacha ile hotuba, anaongea nasi kama anavyoongea nyumbani kwao. Siku ikaanza pale.

Kwa mfano sokoni. Soko lile ni la mwaka 1904, hilo lingekuwa kwenye hotuba. Lakini yeye akatuuliza: "Hapa panaitwa Darajani. Daraja liko wapi?" Tukatazama, hakuna. Akatueleza kwamba ile barabara kubwa tunayovuka zamani ilikuwa mkono wa bahari, maji yakijaa yanautenga mji wa mawe na Ng'ambo. Huku majumba ya matumbawe na chokaa, kule vibanda vya udongo vya watumwa walioachwa huru, wavuvi na wachukuzi. Maji yakafukiwa, daraja likaondoka, majina yakabaki. Mpaka leo mtu anakwenda Ng'ambo bila kuvuka chochote.

Mkunazini Mie
Hapo kasema kweli huyo kijana. Bibi yangu alikuwa akisema "nakwenda mjini" na nyumba yake ukirusha jiwe linafika Darajani.

Nahodha Mchanga
Mapapasi hawakuwasumbua? Mimi nilipoenda walinifuata kutoka getini mpaka Forodhani.

Mkunazini Mie
Kwa msiojua: papasi ni yule kupe wa kwenye nyumba za udongo, akikuuma unapata homa. Ndilo jina tulilowapa wanaowaganda wageni bandarini. Wenye vitambulisho vya kuongoza watalii hawapendi kuchanganywa nao.

Kisamvu cha Nazi
Walikuja, wakasikia Kiswahili, wakaondoka wenyewe. Sare ya kikoba ni dawa ya papasi.

Sasa mtaa wa Mkunazini, kwenye kanisa. Hapa nitakaa.

Mnajua ni kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash akiwa amebanwa na Waingereza, na ujenzi ukaanza mwaka huo huo chini ya Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Ukiingia, mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe, wanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Kuna nguzo zimewekwa miguu juu kichwa chini, inasimuliwa askofu alikuwa safarini na mafundi hawakujua upande upi wa juu. Wamama walizipiga picha hizo nguzo kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Mama hakupiga picha. Alisimama kwenye msalaba wa mti ulio ukutani. Mwongozaji akaeleza kwamba umechongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha kidole kama yuko darasani:

"Na mwili uliletwa na nani?"

"Na watumishi wake, mama."

"Majina yao?"

Kijana akasema Chuma na Susi. Mama akatikisa kichwa, vema. Akaongeza mwenyewe, kwa sauti ya kutosha kundi zima lisikie, kwamba Chuma alikuwa Myao, alikombolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa mtoto, na kwamba waliubeba ule mwili kwa miezi mpaka Bagamoyo. "Ukileta wageni hapa uwataje. Moyo haukujizika."

Fundi Saa
Huyu mama apewe uprofesa.

Dada wa Tabata
Mwalimu hastaafu, anabadilisha darasa tu.

Kisamvu cha Nazi
Subirini. Tukashuka vile vyumba vya chini. Dari fupi, unaingia umeinama. Pembeni kuna majukwaa ya mawe, katikati mfereji, vidirisha kama vya kupitisha mkono. Baridi ya ajabu ukizingatia juu kulikuwa na joto la kukausha samaki. Mwongozaji akasema watu walirundikwa humu wakisubiri kuuzwa, waliletwa kutoka bara.

"Bara wapi, baba?" Mama tena.

Akasema wengi wa miaka ile ya mwisho walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakateremshwa Kilwa, wakapakiwa majahazi.

"Basi sema Nyasa. Mtu haibwi bara, anaibwa kijijini kwao."

Kisha akakaa kwenye lile jukwaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na nilichokiona ni mkono wake unapapasa ukingo wa jiwe, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hakulia. Wamama wa kikoba walikuwa wanaongea sauti za juu tangu Dar, pale hata mmoja hakufungua mdomo. Tulipotoka juani, kwenye ile sanamu ya watu watano ndani ya shimo wamefungwa mnyororo shingoni, mama aliniambia jina la kijiji ambacho sijawahi kumsikia akikitaja, akasema bibi yake alikatazwa utotoni kwenda kuteka maji peke yake na hakuambiwa sababu. Nikamuuliza zaidi. Akasema twende, wametuacha.

Nahodha Mchanga
Duh.

Mpiga Debe Mstaafu
Hapa nimekaa kimya kidogo.

Mkunazini Mie
Pole kwa mama, na nisionekane navunja uzi. Lakini ukweli usemwe. Soko lilikuwepo, watu waliuzwa pale, hakuna ubishi. Lakini hivyo vyumba vya chini vina mjadala. Wako wanahistoria wanaosema jengo lile la juu lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali, na kwamba vyumba ni sehemu ya jengo hilo. Watumwa walikuwa wakifungiwa kwenye nyumba za wafanyabiashara mjini na kupangwa uwanjani wazi. Sie wa mtaani tunalijua hili, ila mgeni anataka kuona shimo.

Mtembeza Watu
Naingilia kwa sababu hii ni kazi yangu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mkunazini Mie hujakosea, mjadala upo. Mimi nikiwa na watu wenye muda nawaeleza pande zote mbili. Lakini nikipewa kundi la watu ishirini na dakika arobaini kanisani, kampuni imeshawaambia kwenye tangazo kwamba wataona "vyumba vya watumwa", mimi nianze kuwaambia huenda sivyo? Nitaulizwa na bosi, si na mwanahistoria.

Fundi Saa
Kwa hiyo unadanganya kwa sababu ya dakika?

Mtembeza Watu
Nasema "inaelezwa". Kiswahili kina heshima hiyo, mtu akisikiliza vizuri ataisikia.

Kisamvu cha Nazi
Nilimsomea mama hili asubuhi. Kasema: "Kama hawakulala chumba kile walilala cha jirani. Niliyemkumbuka si chumba." Akaendelea kumenya viazi.

Tuendelee kabla hamjaanza kugombana.

Vichochoro vya Mji Mkongwe nitapita haraka, wengi mnavijua. Milango: ya mraba juu ni ya Kiarabu, ya upinde ni ya Kihindi, minyororo imechongwa kwenye fremu, misumari ya shaba inayosemwa ilianzia India kuzuia tembo. Mjukuu wa yule mzee akauliza tembo wa Unguja walikuwa wangapi, akanyamazishwa. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa, tuliiona kwa nje. Jaws Corner tukanywa kahawa chungu na kashata, mama akashika moto kwenye ubishi wa siasa na wazee asiowajua, ikabidi nimvute. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Sultani, ilikuwa imezungushiwa mabati. Ilijengwa 1883 na Barghash, nyumba ya kwanza ya mji kuwa na umeme, na siku ya Krismasi 2020 upande wake mmoja ukaporomoka wakati inakarabatiwa, watu wawili wakafariki. Mwongozaji alisimama pale akaonyesha kwa kidole palipokuwa mnara wa saa. Hakuwa na kichekesho cha hapo.

Halafu duka. Wakuu, duka! Picha za tingatinga, vikoi, vinyago, sumaku za friji. Tuliambiwa dakika kumi. Tulikaa dakika hamsini na tano, nimehesabu. Mwenye duka alitupatia mpaka soda.

Dada wa Tabata
Soda ya bure ndiyo ghali kuliko zote.

Mtembeza Watu
Nalijibu hilo nalo kabla hamjanitukana. Mwongozaji wa pakeji za bei hiyo analipwa kidogo kwa siku, na duka linampa asilimia ya kilichonunuliwa. Dereva naye ana chake. Ukiona pakeji imekuwa rahisi sana, ujue kuna mahali bei inalipwa. Mara nyingi ni dukani.

Kisamvu cha Nazi
Nimekuelewa kaka. Ila kundi letu lilinunua sumaku mbili na kikoi kimoja. Wamama wa kikoba waliuliza bei za vitu vyote kwa zamu na hawakununua hata kijiti. Asilimia yenu siku hiyo ilikuwa huzuni.

Saa saba kasoro tukapanda Kosta kwenda Kidichi, kwenye viungo. Huku ndiko nilikocheka mpaka mbavu zikauma. Shamba limepangwa kwa ajili ya mtu anayekuja kutoka baridi. Kijana wa shambani anachuma jani, analisugua, anakunusisha, halafu unakisia. Akaanza na la kwanza, akatuzungushia kwa mbwembwe:

"Haya, wageni wangu, hili ni jani gani?"

Watu kumi na tisa kwa pamoja: "MCHAICHAI!"

La pili. "TANGAWIZI!" La tatu. "MANJANO!" Akatuonyesha muhogo. Muhogo, wakuu! Mama mmoja akamwambia ukitaka kunishangaza nionyeshe anayeununua. Yule kijana akaona hapa pana kazi, akabadilisha mbinu kama mwenzake wa asubuhi.

Akatupeleka kwenye kungumanga. Akalipasua tunda, ndani kokwa la kahawia limevikwa wavu mwekundu unaong'aa kama rangi ya kucha. Huo wavu ndio basibasi, kokwa ndiyo kungumanga yenyewe. Ninazo zote mbili jikoni kwenye vikopo tofauti na miaka yote sikujua ni tunda moja. Kisha akashusha sauti, akasema huku Unguja wanawake huikuna kidogo kwenye uji siku za harusi, haya inapungua. Wamama wa kikoba wakasogea karibu. Mama yangu akasogea karibu. Mimi nikaenda kuangalia mdalasini.

Karafuu nazo. Nilidhani ni mbegu. Kumbe ni maua yanayochumwa yakiwa matumba, kabla hayajachanua. Likichanua limeshapoteza thamani. Wachumaji wanapanda, wanashusha vishada, wanakaa chini kuvichambua, karafuu huku, makonyo kule, halafu zinaanikwa mikekani juani. Akasema ukitaka kuziona karafuu zenyewe nenda Pemba, huku Unguja zilizobaki ni kidogo. Na mti wenyewe ulikuja kutoka visiwa vya mbali huko Indonesia.

Fundi Saa
Vanila aliwaonyesha? Ile ua lake huchavushwa kwa mkono, moja moja, maana nyuki wake hayupo huku. Njia hiyo ya kijiti na kidole gumba aligundua mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841. Dunia nzima inaitumia mpaka leo.

Kisamvu cha Nazi
Alituonyesha kijiti lakini huyo mtoto hakumtaja! Mama atafurahi kulisikia hilo, au atakasirika, sijui.

Chakula kililiwa pale pale shambani, jamvini. Pilau yenye viungo vizima, mchuzi wa samaki wa nazi, kachumbari, mapera. Maji ya kunywa unalipia mwenyewe, kwenye tangazo hayakuwemo. Kusema haki, chakula kile sina neno nacho. Kuna kijana akapanda mnazi huku anaimba, akashuka na madafu, akatuvika kofia za makuti. Yule mzee na mjukuu wake walirudi nazo mpaka Dar.

Nahodha Mchanga
Na Changuu?

Kisamvu cha Nazi
Ndiyo nafika. Tumerudi mjini saa tisa kasoro robo. Boti ya Dar saa kumi. Mwakilishi wa kampuni, sio mwongozaji, katusubiri pale ufukweni na uso wa msiba. Anasema samahani, bahari imechafuka, vidau haviendi Changuu leo.

Tukaitazama bahari. Imetulia kama maji ya beseni. Vidau viwili vinarudi kutoka huko huko, vimejaa wazungu wenye furaha.

Hapo ndipo wamama wa kikoba walipoanza kazi. Mhazini wao, mama mfupi mwenye miwani, alitoa daftari kwenye mkoba. Daftari la kikoba lenyewe. Akakaa juu ya ukuta wa Forodhani, akapiga mistari, akauliza kwa upole: kidau cha kwenda Changuu ni shilingi ngapi kwa kichwa? Kiingilio cha kisiwa? Mwakilishi akababaika. Mama mhazini akamwita nahodha mmoja aliyekuwa anafunga kamba pale, akamuuliza yeye. Nahodha akajibu bila hiyana. Ikaandikwa. Ikazidishwa mara kumi na tisa. Daftari likageuzwa kumwelekea mwakilishi na kalamu juu yake. "Weka sahihi hapa, mwanangu. Tutasubiri kwenye simu."

Hela ilirudi siku ya tatu. Elfu ishirini na tano kila mtu.

Mpiga Debe Mstaafu
Nataka kujiunga na hicho kikoba. Natuma maombi wapi?

Dada wa Tabata
"Tutasubiri kwenye simu" 😂 Nimeichukua hiyo.

Nahodha Mchanga
Changuu kwa taarifa tu: wale kobe wa mwanzo wanne waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Na lile gereza watu wanalopigia picha halikuwahi kuwa na mfungwa, liliishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Nenda asubuhi na mapema, kobe wanakuwa macho, ukimkuna shingo anaisimamisha.

Mkunazini Mie
Na ulale, dada. Siku moja mjini, ya pili viungo na Changuu. Jioni Forodhani ule urojo, boti irudi asubuhi. Hizo pakeji za siku moja zinakuonyesha mji kupitia dirisha la Kosta.

Fundi Saa
Kisamvu, namba ya yule mwongozaji wako unayo?

Kisamvu cha Nazi
Siweki namba ya mtu hadharani. Njoo pembeni nitamuuliza kwanza. Yeye sina kinyongo naye. Wakati tunaagana bandarini alimwomba mama amwandikie majina ya vijiji vya Nyasa anavyovijua, kwenye karatasi. Mama akaandika kumi na vinne, kwa hati ya ubaoni, akamwambia atamsahihisha mwaka kesho.

Maana kasema anarudi, anawadai kobe wake. Nikamwambia mama, tusichelewe, mwaka kesho ni mbali. Akasema: "Wale wamekaa tangu 1919, watashindwa kunisubiri mimi?"

Elfu ishirini na tano yake kaiweka kwenye kopo la kungumanga. Kachukua na yangu.